Laini ya Bi Masjala

Mwaka wa tatu sasa tangu Bi Masjala astaafu ofisi ya maji, lakini ofisi ilikuwa haijamwachia. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa kuwa alikaa miaka ishirini na sita kwenye chumba cha mafaili, chumba kisicho na dirisha. Mfumo wa kompyuta wa ankara ulipoletwa, fundi aliyeutengeneza alitaka namba ya simu ya mtu asiyehamahama. Wote wakamgeukia yeye. Tangu siku hiyo, kila mfumo ulipowashwa, ulituma tarakimu sita kwenye simu yake, na bila hizo haufunguki ng'o. Baadaye kampuni ya fundi ilifungwa, mwenyewe hajulikani aliko, na namba hakuna aliyejua kuibadilisha.

Basi kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, simu iliita.

"Shikamoo mama. Tunaomba namba."

"Marahaba. Nne, sifuri, sifuri, saba, moja, tisa. Haraka, zina dakika tano tu."

Umeme ukikatika, walimpigia tena saa nne, na saa saba tena. Simu aliingia nayo bafuni, kaining'iniza mlangoni ndani ya mfuko wa nailoni. Kwenye mazishi ya shemeji yake alijibanza nyuma ya ukuta akinong'ona tarakimu, na waliomwona mabega yakimtikisika walidhani analia.

Binti yake alikuwa mwalimu huko milimani, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Alikuwa amejifungua. Mjukuu alitimiza miezi minne bibi yake hajamtia mkononi.

Siku moja alikwenda kwa meneja, akachomoa laini na kuiweka mezani. "Ichukueni yenyewe. Mimi nitanunua nyingine."

Meneja aliirudisha kwa ncha ya kalamu. "Mama, wakaguzi wakiikuta hapa watauliza ya nani. Niwaambie ofisi nzima inafunguliwa na mstaafu? Ikikaa kwako ni simu yako tu. Vumilia kidogo, mfumo mpya tumeshauomba."

"Mmeuomba lini?"

"Mwaka juzi."

Jumapili mchana aliandika yote kwenye kikundi kimoja cha mtandaoni, Kompyuta Zimetuweza. Watu husimulia humo mikosi ya mitambo: mlango wa umeme uliowafungia wafanyakazi ndani kwa sababu ulikuwa unajisasisha, bosi aliyepigwa picha na mgongoni kwake nywila imebandikwa ukutani. Kwa muda mrefu alikuwa akisoma na kucheka peke yake. Siku hiyo alisimulia ya kwake, ofisi hakuitaja.

Kufika jioni maoni yalikuwa zaidi ya mia tatu.

"Mama, wewe hukustaafu. Uligeuzwa seva."

"Mwizi hana haja ya kudukua hapo. Akwapue mkoba wa bibi, kazi imekwisha."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akakuta hili: "Si akatae tu? Wengine hupenda kuonekana wa maana." Aliilaza simu kifudifudi. Lilimchoma kwa sababu miezi ile ya mwanzo, akiwa amekaa nyumbani hana pa kwenda, mlio wa saa mbili ulimfurahisha kweli.

Alipoigeuza tena, mtu anayejiita Fundi Waya alikuwa ameandika: "Mama, mfumo ukiachwa haulii. Mtoto analia. Nenda zako."

Jumatatu alfajiri alipanda basi. Meneja alimpata kwa simu akiwa bado njiani. "Mama, usituvue nguo!"

"Siku nne tu, baba," alijibu, kisha mtandao ukakata.

Mjukuu alikuwa mzito kuliko alivyomdhania, na alimng'ang'ania kidole kama anayemdai. Siku ile hakumshusha ila kwa kunyonya.

Siku ya pili gari la ofisi likaingia uwanja wa shule. Dereva, mtu aliyemfahamu miaka mingi, alishuka na vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo mama. Kazi zimesimama kule, watu wamejaa hadi barabarani. Nimeambiwa nirudi na wewe."

"Marahaba. Mimi nimekuja siku nne, na hii ni ya pili."

"Sasa mimi nirudi na nini?"

Bi Masjala alimtazama, akamwonea huruma. Alimfunga mtoto mgongoni, wakapanda wote kilima cha nyuma ya shule. Walipofika juu simu ilianza kutetemeka: jumbe thelathini na moja, namba zote zimeshakufa. Akapiga ofisini, akaomba watume nyingine, akaisoma kwa kupaza sauti kushinda upepo. Dereva aliiandika kiganjani, asije akaambiwa hakufanya kazi.

Dereva akalala stoo ya shule, na asubuhi mbili zilizofuata walikipanda tena kile kilima. Siku ya nne jioni alimrudisha mjini.

Meneja hakufoka. Alimkaribisha kiti. "Mama, tumelijadili. Kuanzia sasa ukitaka kusafiri, tuarifu mapema, utapewa gari na dereva. Mradi kuwe na kilima."

Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayetoa zawadi. Bi Masjala alishukuru, kwa ile sauti yake ya kazini, na njia nzima ya kurudi nyumbani akajichukia kwa kushukuru kule. Wiki iliyofuata binti yake alipanda kile kilima, akapiga simu kuuliza atakuja tena lini.

"Itategemea gari, mwanangu," alisema.