Malaika wa Pembe Nne

Pale makumbusho walimwita Mama Gundi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuunga karatasi kuukuu, na kwa sababu akishashika neno habanduki.

Mwaka ule aliletewa ramani ya kale, iliyochongwa kwenye bamba la shaba kisha ikapigwa chapa karatasini. Dunia ilichorwa kama ua la petali tatu, mji mtakatifu katikati, na kwenye pembe nne malaika wamevimbisha mashavu wakipuliza upepo. Wadudu walikuwa wameitoboatoboa. Aliiunga kipande kwa kipande, hata mama yake akalalamika: "Malaika wa karatasi unawajua kuliko wa mbinguni!" Hakubisha. Nyumba ya ibada aliiona kwenye harusi na maziko tu.

Ramani ilipokuwa tayari, mkurugenzi mpya aliingia karakana, akaitazama, akakunja uso.

"Kata hizo pembe, malaika watoke. Na huo mji wa katikati ubandikie karatasi. Hapa tunaonyesha jiografia, hatuhubiri."

"Sikati."

"Sikukuomba. Nakuagiza."

"Bosi, aliyechonga hii hakuwa na dunia mbili, moja ya mito na nyingine ya Mungu. Ukiwatoa malaika, unabaki na ramani iliyokosewa tu."

Mkurugenzi akachukua wembe mezani. Mama Gundi akatandaza viganja vyake juu ya karatasi.

"Haya, kata. Anza na vidole."

Wembe ukarudi mezani.

Kesho yake ramani ikafungiwa stoo, naye akahamishiwa getini, kukata tiketi. Wenzake walimwonea huruma. Yeye akaja na kilemba chake kizuri kuliko vyote. Kila mgeni alipewa tiketi na neno la nyongeza: "Muulize mkurugenzi ile ramani ya malaika iko wapi." Wageni wakauliza. Mwalimu mmoja akaleta darasa zima, nalo likauliza kwa sauti moja.

Hatimaye ramani ikatundikwa ukumbini, nzima, na mkurugenzi akaitolea hotuba kana kwamba ndiye aliyeiunga. Mchana ule ule katibu wake akashuka getini.

"Mama, bosi anasema omba radhi tu, urudi karakana."

Kile chumba alikipenda. Hata meza yake aliiota. Akamkatia tiketi mgeni aliyekuwa akingoja, akamrudishia chenji, ndipo akainua uso.

"Mwambie radhi aje kuiomba yeye. Nipo hapa hapa anapopita kila asubuhi."