Kaka Yake Waziri

Mwaka ule sheria mpya ilizitaka benki za Stockholm zimuulize kila mteja kama ana ndugu kiongozi serikalini. Gaudiose, muuguzi Mrundi wa mtaa wa Fittja, aliposikia swali hilo uso ulimchanua. Hatimaye Wazungu wameuliza la maana!

"Ninaye! Waziri kule Burundi ni kaka yangu kabisa!"

Karani akaacha kutabasamu, akamwita bosi wake. Jamaa wa viongozi walipaswa kuchunguzwa kila senti yao ilikotoka, basi maswali yakamiminika. Jasho likamtoka Gaudiose, kisha kicheko kikamshinda.

"Jamani, tumezaliwa kilima kimoja tu, kama nyie mnavyosema kijiji kimoja!"

"Kwa hiyo ni ndugu yako au si ndugu yako?" bosi akauliza.

"Harusini ni ndugu," alisema akijifuta machozi. "Hapa benki, hata kwa sura simjui!"