Pindo la Tisa

Watu wa kanisa lile walimwita Mama Namba, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Herufi hazikuwahi kukaa kichwani mwake. Mara mbili alijaribu darasa la watu wazima, mara mbili akagombana na mwalimu, akajirudia zake nyumbani. Lakini namba! Namba alizijua kama vidole vyake.

Alizipatia kwenye mashuka. Tangu usichana wake alifua nguo za hospitali, katika chumba kirefu chenye mabeseni ya saruji na mvuke uliofanya kuta zitokwe jasho. Kila shuka lilipigwa muhuri wa namba ya wodi yake pembeni, juu kidogo ya pindo. Shuka la wodi ya tatu likienda wodi ya nane, muuguzi mkuu alikuwa hakaliki. Basi akajifunza, hili lenye mkia ni hivi, lile la ndoano ni vile. Na namba ikikuchanganya, unatafuta pindo. Pindo ndilo chini. Ukishaliona pindo hupotei tena.

Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na maranda mengi. Kanisa lilipojengwa upya alichukua ubao wa mlango wa zamani akaufanya ubao wa nyimbo, wenye nafasi tatu za kuchomekea vibao vidogo, na kila kibao kimepakwa namba yake nyeupe. Siku ya kuutundika, kanisa zima lilinukia mbao na rangi mbichi. Hata leo, mtu akipitisha randa mahali, Mama Namba husimama kidogo njiani, kama aliyeitwa.

"Sita na tisa ni kibao kimoja," mumewe alimwambia siku ile. "Nikuwekee kimstari chini ya tisa, usije ukachanganya."

"Kimstari? Mimi? Nimepanga mashuka ya hospitali nzima miaka kumi na miwili, leo uniwekee kimstari kama mtoto wa chekechea?"

"Haya mama, yaishe."

Hakuweka.

Hiyo ndiyo ikawa huduma yake. Wenzake walihubiri, waliimba, walitembelea wagonjwa. Yeye alipachika namba, na mtu asikudanganye kwamba ni huduma ndogo. Mchungaji wa wakati ule hakutangaza nyimbo. Jumamosi alimpa Mama Namba karatasi yenye namba, naye akapachika, na Jumapili ubao ukisema umesema. Ibada nzima yeye alisimama ukutani kando ya ubao wake, tayari kubadili namba wimbo ukiisha, mikono imekunjwa, kama askari wa zamu.

Siku zile zilikuwa siku. Jumamosi alasiri mumewe alikuwa hapo anagonga mguu wa benchi uliolegea, yeye anafuta vibao kwa kitambaa kibichi, na mbele kwaya inafanya mazoezi. Mwalimu wa kwaya alikuwa fundi saa, mwembamba, shingo ndefu. Wiki nzima alijifungia katika kibanda chembamba kama kabati, lenzi jichoni, akichokonoa saa za mkononi za mji mzima. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Akiinua mkono, hata wale kina mama wa sauti ya pili waliopenda kunong'ona walinyamaza.

"Mama Namba, kesho umetupangia nini?"

"Utaona kesho, kama macho unayo."

"Macho ndiyo yanayonilisha, mama!"

Wakacheka. Kila Jumamosi maneno yale yale, na kila Jumamosi wakacheka.

Kisha akafariki mke wa mzee wa kanisa, yule mzee mwenyekiti wa baraza. Karatasi ya Mchungaji ilisema mia moja na tisa, wimbo wa kumsindikiza marehemu. Mia moja na sita ulikuwa wimbo wa mavuno, wa vigelegele. Mama Namba alipachika kwa haraka, maana siku ile alikuwa na mashuka ya zamu mbili, na kibao hakina pindo.

Jeneza likaletwa mlangoni. Watu wote wakasimama, wakageukia mlango, wakaupa ubao mgongo. Kwaya ilikaa chini ya ubao, haikuweza kuuona. Aliyeutazama ni mmoja tu, Mwalimu. Akasoma sita, akashtuka, akajisemea huenda ndio wosia wa marehemu. Akatoa sauti, kwaya ikaitika, na jeneza likaingia kanisani kwa vigelegele vya mavuno.

Mama Namba aliinua macho akaona. Watu walikuwa bado wanatazama jeneza, na Mwalimu kwaya yake. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Aligeuza kibao mara moja, kimya, kama mtu anayenyoosha shuka.

Mzee mfiwa akainua mkono. Kwaya ikakatika sauti moja moja, mpaka ikabaki miguu ya wabebaji tu sakafuni.

Baada ya maziko baraza likakaa mle mle kanisani, na watu wakibana milangoni. Mzee na Mwalimu walikuwa wamewahi kutupiana maneno kuhusu kwaya, na mzee aliamini amekomolewa.

"Nilisoma sita," Mwalimu alisema.

"Mwenye macho haambiwi tazama, Mwalimu," mzee alimjibu. "Haya, tazama."

Akatazama. Tisa. Akasogea karibu, akatazama tena. Tisa.

Wakamgeukia Mama Namba. "Wewe uliweka ngapi?"

"Si mnaona wenyewe?" alijibu.

Nyuma ya jibu hilo alijificha miaka thelathini na mmoja. Hakusema uongo, alijiambia. Aliuliza swali. Tangu lini swali likawa dhambi?

Mwalimu akaambiwa apumzike kuongoza kwaya. Hakubisha. Alikunja daftari lake la nyimbo, akatoka akipepesa macho, akahamia kanisa la upande wa pili wa mji. Akawa anakaa benchi la nyuma, haimbishi mtu.

Mumewe Mama Namba aliuliza mara moja tu, wakiwa mezani. "Kile kimstari, mama, labda ningeli..."

"Kula," alimwambia.

Akala. Miaka mingi baadaye alitangulia mbele za haki bila kuuliza tena, na mkewe alitamani, oh, alitamani sana angeuliza.

Kuomba hakuacha. Alikuwa wa kwanza kanisani na wa mwisho kutoka. Lakini alitubu dhambi za jumla jumla, kama mtu anayefua shuka lote na kuliruka doa. Aliyewahi kufua anajua kwamba doa ukiliruka, ukija kupiga pasi unalichoma ndani, halitoki tena.

Akaja mchungaji kijana, sawa na mjukuu wake, mwenye adabu na haraka. Kanisa likapakwa rangi, ubao ukateremshwa, na Mama Namba akavichukua vibao nyumbani kuviosha.

"Bibi," mchungaji alimwambia, "Jumapili tunakuheshimu. Miaka arobaini ya huduma si mchezo. Utatoa ushuhuda kidogo."

"Niseme nini mimi?"

"Sema ukweli tu, bibi."

Alisema kwa wepesi, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Mama Namba akarudi nyumbani, akaosha vibao kimoja kimoja kwenye beseni. Alipofika kwenye kile kimoja, mikono ikasimama. Akakigeuza. Sita. Akakigeuza. Tisa. Povu likakauka mikononi.

Alhamisi alivaa viatu vya kutokea, akavuka mji. Binti wa Mwalimu alimkaribisha sebuleni, na ukuta mzima ulikuwa saa, kila moja ikitembea na majira yake.

"Mama Namba! Kumbe bado hujafa?" Mwalimu alimwita kutoka kitini.

"Nife nimwachie nani ubao?"

Wakacheka kama zamani. Kisha Mama Namba akatoa kibao mfukoni, akakiweka mezani.

"Hiki ni ngapi, Mwalimu?"

Mwalimu akavaa miwani, akakisogeza, akakizungusha. "Inategemea mtu amekaa upande gani."

"Siku ile kilikuwa sita. Macho yako yalikuwa mazima. Niligeuza mimi, jeneza lilipokuwa linaingia."

Mwalimu akakirudisha kibao mezani.

"Unajua nilinunua miwani wiki ile ile?" alisema. "Daktari akaniambia, baba, macho hayana kitu. Nikamwambia yanacho, yameniletea sita mahali pa tisa. Akanipa ili niondoke tu. Na saa za mkononi nikaacha. Vile vigurudumu vidogo, niliona nitaharibu mali za watu. Nikabaki na hizi kubwa za ukutani." Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. "Kwaya ndiyo hivyo. Mtu asiyeyaamini macho yake ataongoza nani?"

Mama Namba alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hilo hakujiandaa. "Nisamehe," alisema, na neno lilitoka dogo kuliko alivyolitia mdomoni.

"Hapa sebuleni nimekusamehe," Mwalimu alijibu taratibu. "Lakini mimi sikuaibishwa sebuleni, Mama Namba."

Alitoka amevimba. Mtu umevuka mji na magoti haya, bado anakupangia pa kutubia! Ijumaa nzima alibishana na masufuria. Aliona uso wa mchungaji kijana, aliona wale kina mama wa sauti ya pili, sasa bibi wazima, wakigusana viwiko. Miaka arobaini, na jina lote liishie kwenye kibao kimoja? Akapiga magoti kuomba apunguziwe, na kwa mara ya kwanza maneno ya jumla jumla yakamkataa. Likabaki doa peke yake.

Jumamosi alikwenda kwa wapaka rangi, akaomba tone la nyeupe na kijiti. Mstari ukapinda. Lakini ulikaa pale ulipotakiwa kukaa tangu mwanzo, chini ya tisa. Kisha akamwambia mchungaji, "Wimbo wa mwisho kesho nachagua mimi."

"Upi, bibi?"

"Utauona ubaoni."

Jumapili kanisa lilinuka rangi mbichi, na kwa kitambo akahisi mumewe yuko mahali fulani nyuma, na nyundo yake. Mchungaji akamsifu mpaka akaona haya. Makofi yakapigwa. Akasimama, akashika benchi.

"Mmenipigia makofi kwa kupachika," alisema. "Sasa nisikilizeni kwa kugeuza."

Akaeleza yote, jeneza, mkono wake, na lile swali lake la kijanja. Hakulia, maana kulia kungewafanya wamwonee huruma upesi. "Mwalimu alisoma sawasawa. Macho yake yalikuwa mazima, mimi ndiye niliyempofusha. Mzee mwenye msiba ametangulia, kwake nimechelewa. Mkewe hakuimbiwa wimbo wake. Naomba leo aimbiwe."

Benchi la nyuma mtu akakohoa. Fundi saa, aliyekuwa amevuka mji asubuhi ile kuja kusikia ushuhuda, alisimama, binti yake akimshika mkono, akaja mbele hatua kwa hatua mpaka pale alipokuwa akisimama zamani. Kwaya ilikuwa ya watoto wa wale aliowafundisha. Akavua miwani kuutazama ubao, akakunja uso, akaivaa tena, kwa kuwa sasa alikuwa anaihitaji kweli.

"Mama Namba," akauliza kwa sauti ya kufika milangoni, "hiyo ni sita au tisa?"

Mama Namba akasogea ukutani kando ya ubao wake, akainua kidevu.

"Mwenye macho haambiwi tazama, Mwalimu," alisema, akagusa kile kimstari kwa kidole. "Lakini pindo liko chini."

Mwalimu akacheka kicheko cha Jumamosi za zamani. Kisha akainua mkono, mle mabenchini wale bibi wa sauti ya pili wakanyamaza, na akatoa sauti ya mia moja na tisa.