Mihogo Iliyokataa Kuvunda

Siku ya nne ya kuloweka mihogo niliingiza mkono ndani ya pipa, nikashika muhogo, nikaubonyeza. Mgumu kama kuni. Nikajaribu mwingine, kisha wa chini kabisa. Yote vilevile. Ilikuwa mihogo michungu kutoka shamba la mama mkwe kule Katogota, na kwa joto la Uvira ilipaswa kuwa imelainika hadi inakatika mkononi.

Ndipo nikatazama maji: safi, hayana povu wala harufu.

“Baba watoto, nani amegusa maji haya?”

Mume wangu ni mwalimu, na shule zilikuwa zimefungwa. Alitoka na kitabu mkononi. “Ni miye. Kila asubuhi ninayamwaga, ninaweka mengine. Yalikuwa yananuka, na watu wanapita hapa.”

“Lazima yanuke! Muhogo usipovunda unabaki na sumu!”

“Weye hukuniambia.”

Mtu aliyekulia kwenye mihogo! Na maji yenyewe aliyabeba nani? Robine, mabomba ya mtaa wetu wa Kimanga, zilikuwa zimekauka wiki nzima. Kila bidoni ya maji nilipanda nayo kutoka ziwani. Na maji yalivyoisha upesi, nilikuwa nimewagombeza watoto bure kwamba wanaoga ovyo.

Mama mkwe akafika siku hiyohiyo kuulizia unga. Akabonyeza muhogo mmoja, akaniangalia kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko matusi. “Binti yangu, kwenu hawakukufundisha kuloweka?”

Nikamwangalia mume wangu. Akafunua ukurasa.

“Sema,” nikamwambia.

Akasema, sauti ndogo kama ya mwanafunzi. Nikangoja akaripiwe. Mama akacheka mpaka akashika ukuta. “Huyu! Tangu utoto anapenda usafi!”

Basi. Kosa likiwa langu ni ujinga, likiwa lake ni usafi.

Nikaomba kwa jirani vipande viwili vya muhogo uliokwisha kuvunda, nikavitia ndani ya maji ili yachachuke upesi, nikafunika pipa, nikaweka jiwe. Siku ya tatu harufu ilijaa ua mzima. Nikamwita mume wangu tutoe pamoja nyuzi za katikati ya mihogo. Alivuta kila uzi kwa ncha za vidole, uso pembeni. Alipomaliza mihogo minne, mimi nilikuwa nimemaliza pipa.

Mihogo ikakauka, tukaitwanga. Ugali wa kwanza ulipoiva, yeye ndiye aliyetangulia kukaa mezani.