Tulitaka Atishwe Kidogo Tu

Mtaani kwetu Kiandutu, Thika, kijana akiwashinda wazazi hupelekwa kwa chifu atishwe. Hakuna anayetaka afungwe. Mama anaenda asubuhi, anaeleza kwa sauti ya chini, na askari wawili wanakuja kumchukua kijana. Analala ndani siku mbili, anafagia uwanja wa kituo cha polisi, anaambiwa maneno makali, kisha mama anarudi kusema amemsamehe na anatoka naye. Nimeona vijana wengi wakirudi hivyo wakiwa wapole, wakichota maji bila kutumwa. Ndivyo tulivyomfanyia kaka yangu. Yeye hakurudi baada ya siku mbili, na aliyewaonyesha askari mahali bangi ilipokuwa ni mimi.

Kaka amenizidi miaka sita. Baba alipokufa nilikuwa darasa la saba, na yeye akaacha kusubiri kibarua kwenye malango ya viwanda akaenda machimbo ya mawe, kwa sababu huko hawaulizi vyeti. Alikata mawe ya kujengea kwa nyundo na patasi, chini kabisa, ambako jua linapiga ukuta wa mwamba na kukurudia. Alirudi na vumbi hata kwenye nyusi. Wenzake wote walivuta kabla ya kushuka. Aliniambia mara moja tu, bila mimi kumuuliza, kwamba bila hiyo mkono unahesabu kila pigo, na ukiwa nayo mkono unasahau.

Mwanzoni sikuona ubaya. Baba alikuwa mtu wa pombe, na pombe yake ilikuwa halali. Baa aliyokunywea ilikuwa na leseni ndani ya fremu, imetundikwa ukutani. Akirudi tulikuwa tunajificha kwa jirani. Kaka akivuta alirudi akicheka polepole, amenunua ndizi mbivu, akimtania Mama kwamba chapati zake zina ramani ya kutoka Thika hadi kwao Kakamega, na vituo vyote vya kuchimba dawa vimeonyeshwa. Kisha analala. Mama alijua, akanyamaza. Nadhani alikuwa akilinganisha, kama nilivyokuwa nikilinganisha mimi.

Siwezi kusema mambo yalibadilika siku gani. Alianza kuvuta asubuhi hata siku ambazo hakuwa anaenda machimbo. Aliziba dirisha kwa gunia. Alisema mama wa mboga anaongea juu yake na watu wa redio. Akawa hali chochote isipokuwa mayai ya kuchemsha, na ayamenye mwenyewe, kwa sababu yai haliwezi kutiwa kitu.

Nilimpeleka zahanati moja Makongeni. Daktari alikuwa mama mpole. Alimwuliza kama kuna kitu chochote anachotumia, na Kaka akaitazama kalamu yake.

"Chai," alisema. "Chai tu, daktari."

Nilikuwa nimekaa kando yake, nikaeleza tu kwamba halali usiku. Njiani alinieleza kwamba lile daftari la daktari husomwa na askari. Nilijua si kweli. Lakini sikuweza kumwambia ni ugonjwa unaosema hivyo, kwa sababu bangi ni kosa, na ni mtu gani atakiri kosa lake mbele ya mtu anayeandika? Tulipewa tembe za usingizi tukarudi nyumbani.

Jumapili moja baada ya kanisa alimshika Mama mkono akamvuta hadi nje, asikie watu wanaotembea juu ya mabati. Hakukuwa na mtu. Alimshikilia pale muda mrefu, akimwuliza kama anasikia, na Mama, ili aachiliwe, akasema anasikia. Kifundo cha mkono wake kilivimba. Mama anafulia watu nguo, na mkono ule haukuweza kukamua hata soksi. Jirani mmoja wa kanisani alikuja kumwona akasema ampeleke atishwe kidogo, kwamba wa kwake alitishwa na saa hii anaimba kwaya. Mama aliniuliza naonaje. Nikasema sawa.

Mama alienda kwa chifu, na askari wawili wakaja Jumatatu saa nne asubuhi. Kaka alikuwa anamenya yai, na hakubishana. Mmoja alitoka naye nje avae viatu. Wa pili, ambaye hakumzidi Kaka miaka, alibaki ndani na kuuliza vizuri tu anaweka wapi hizo vitu zake. Nilifikiri wakizichukua atarudi nyumbani azikose. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilipanda kwenye stuli, nikaingiza mkono juu ya mbao inayoshika mabati, nikatoa mfuko wa karatasi. Yule askari aliupima kwenye kiganja, na uso wake ukabadilika.

"Sasa hii ni kitu ingine, mama," akamwambia Mama.

Siku ya tatu Mama alienda kituoni kusamehe, kama wengine. Aliambiwa kesi imeshaandikwa. Wiki hiyo hiyo Kaka alifikishwa kortini. Wale aliolala nao walikuwa wamemfundisha akubali, kwamba ukikubali hakimu anakuonea huruma. Akakubali. Alikuwa amesimama wima, akitazama feni ya juu, na nilijua anasikia mtu humo. Mama aliinua mkono, kama anavyoinua kanisani akitaka kutoa ushuhuda. Alisimama akasema yeye ndiye aliyemleta, na amemsamehe, na sasa anaomba kwenda naye nyumbani kwa sababu hajala vizuri.

Watu wengine walicheka kidogo. Karani alikuja hadi tulipokaa akainama, na hakuwa na ukali.

"Mama, hapa wewe si mlalamishi. Mlalamishi ni Jamhuri."

Mama akauliza Jamhuri yuko wapi, aende amwombe.

Kulikuwa na faini ambayo hatukuwa nayo, kwa hiyo alifungwa miezi kumi.

Wakati yuko ndani nilihamia Ruiru, nikapata kazi Kamakis kwenye mahali pa nyama choma. Kazi yangu ni kukata kachumbari. Jumamosi moja meza ya wanaume wanne ilibishana karibu saa nzima kuhusu bangi, kwa sababu kuna mwanasiasa alikuwa amesema kwenye televisheni ihalalishwe kabisa, ilimwe na iuzwe kama kahawa. Mmoja, mwuza mbao, alisema ushuru wake peke yake utatujengea barabara.

"Wewe ukiruhusiwa utamaliza hii mbuzi na mifupa," mwenzake akamwambia. "Tutakuwa tunakuficha nyama."

Walicheka wote. Kisha aliyekuwa kimya akasema mama mkwe wake alikuwa na kansa, alikuwa hamezi hata maji, na mtu akamletea mafuta ya bangi kwa siri. Siku ile mama alikula ugali nusu sahani akaomba na mchuzi. Alisema hajui ni kwa nini ilibidi iwe siri. Hakuna aliyemtania huyo. Wa nne alikuwa mwalimu. Alisema ana watoto wa darasa la sita wanaolala juu ya dawati, na hakuna mtu atamwambia kwamba kufungua maduka ndiko kutawaamsha. Pombe tuliruhusu, alisema, na ilipungua lini?

Mwuza mbao akanigeukia nilipowaletea chumvi.

"Sista, wewe ndio kijana hapa. Ihalalishwe ama isihalalishwe?"

Nikasema sijui.

"Vijana wa siku hizi," akasema. "Hata bangi hawana msimamo juu yake."

Nilicheka pamoja nao nikarudi kwa vitunguu. Walikuwa watu wazuri na walinilipia soda. Lakini jibu langu lilikuwa la kweli, na bado ni la kweli. Kama ingekuwa halali, Kaka angemjibu yule daktari, na dawa ingeanza siku ile ile. Mama angempeleka hospitali, na hakuna mtu angeuliza vitu viko wapi. Hayo nayajua. Lakini kama ingekuwa halali, ingeuzwa kwenye duka la kona yetu, kando ya mkate. Kulikuwa na asubuhi ambazo Kaka aliikosa kwa sababu mwuzaji amejificha. Asubuhi hizo alitetemeka, alikuwa na hasira, lakini kufikia saa sita alinitazama usoni na kuniita jina langu la utoto. Zilikuwa chache. Sheria ndiyo iliyonipa asubuhi hizo, na sheria hiyo hiyo ikamchukua. Nimejaribu mara nyingi kuyaweka haya upande huu na huu, na kila nikiongeza kitu upande mmoja nakumbuka kingine.

Alitoka akiwa amekonda, na kikohozi. Alisema bangi haikumkosa hata huko ndani, na wale wa juu ya mabati walimfuata. Mama alimwogopa, ingawa hakusema, kwa hiyo nikamchukua akae na mimi Ruiru. Alilala sakafuni kwenye godoro langu la zamani. Wiki mbili alikuwa mtulivu. Nilienda kliniki ya wagonjwa wa akili nikaomba apangiwe siku, wakanipa kadi, nikarudi nikamwonyesha tukiwa tunakula.

Aliigeuza kadi nyuma na mbele. Akauliza kama daktari atamwuliza anavuta nini. Nikasema atamwuliza. Akauliza kama ataandika. Nikasema ataandika, lakini karatasi hiyo haitoki hospitali, na mimi nitakuwa naye pale pale ndani.

"Mama aliniambia askari walipekua wakapata wenyewe," alisema.

Nilimega ugali.

"Mama hafiki kwenye ile mbao. Hata akipanda stuli hafiki."

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani wakizitoa utarudi uzikose."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Hakunikasirikia. Afadhali angenipigia kelele. Alimaliza yai lake, akaosha sahani yake na yangu, akaweka kadi juu ya meza vizuri.

"Basi usiniambie niende mahali," akasema. "Mtu yeyote mwingine anaweza kuniambia. Si wewe."

Siku ya kliniki ilipofika alikuwa ameshaondoka. Amerudi machimbo, na analala huko huko na wenzake. Mama amemwomba aende kwa daktari, mchungaji amemwomba, na wote anawajibu vizuri kwamba ataenda. Mimi sijaomba tena. Nampigia simu Jumapili saa nane, kabla watu hawajajaa Kamakis. Huwa anapokea. Jumapili iliyopita nilimwuliza amekula nini, akasema mayai. Nikamwuliza kifua, akasema kifua kiko sawa. Kisha nikasikia anasikiliza.

"Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

"Hapana," alisema. "Kuna mtu."

Nilimwambia ni mimi tu. Nilitoka nje, mbali na jiko la nyama, asisikie sauti ya mtu yeyote, nikamwambia tena. Aliendelea kusikiliza hadi salio langu likaisha.