Robo ya Nini

Hesabu za asilimia nilizichukia kabla sijazielewa, na nilipozielewa nikazichukia zaidi.

Miaka ile ya mradi wa Waingereza wa karanga baba alipata kazi ya kung'oa visiki Nachingwea, tukahama wote kutoka Mandawa. Kwetu sisi Wamwera, mwenye neno juu ya shamba la mwanamke ni kaka yake. Basi mjomba akatandaza ukamba kuvuka shamba zima la mama, akaukunja mara mbili kupata robo, na robo hiyo akawapa wageni waliovuka Ruvuma. Alimwahidi mama kwamba siku akirudi ataongezewa robo. Ukingoni kabisa mwa kipande hicho, kwenye mpaka wa zamani wa shamba, alilala mdogo wangu, aliyetutoka hata meno hajaota.

Baba alifia huko kwa homa. Tukarudi Mandawa na mikeka yetu. Mjomba, mtu wa haki kwelikweli, aliita pande zote mbili, sisi na wageni, akatandaza ukamba kwenye shamba lililobaki, akaukunja vilevile.

"Dada, nilipunguza robo, nimeongeza robo. Kuna mwenye neno?"

"Sina neno, kaka," mama alijibu.

Akaenda kwenye mpaka mpya kutafuta mawe ya kaburi, asiyaone. Tukadhani wageni waliyaondoa walipokuwa wakilima. Mama alijilaumu kwa kusahau alipomlaza mwanawe, akaweka mawe mengine pale ukingoni. Kila Ijumaa alipafagia. Mimi nilimchotea maji ya kunyunyizia.

Kisha nikaenda kusoma Nachingwea. Siku moja mwalimu aliuliza: shamba la hatua mia limepungua asilimia ishirini na tano, kilichobaki kikaongezeka asilimia ishirini na tano, sasa lina hatua ngapi? Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mia, nikasema. Darasa zima likaniunga mkono.

"Asilimia ya nini?" aliuliza mwalimu. "Ya kwanza mmeitoa kwenye mia. Ya pili mnaitoa kwenye sabini na tano. Hamfiki mia ng'o."

Wenzangu walicheka. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Likizo ilipofika nilimweleza mama jikoni, nikichora majivuni kwa kijiti. Nilikuwa na hasira na mjomba, na ukamba wake, na haki yake. Nilitaka twende kwake saa ile ile. Mama hakuyasikiliza hayo.

"Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau, mama. Mpaka haukufika."

"Na pale ninapofagia kila Ijumaa, yuko nani?"

Akafunga khanga, akatoka, nami nikamfuata. Alipita mawe yake bila kuyatazama, akaingia kwenye ufuta wa wageni, akawa anapapasa ardhi kwa nyayo. Mahali fulani akasimama, akapiga magoti kati ya mashina.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema. "Nilikuwa hapo tu, jirani."