Kushuka Hadi Mkekani

Sindano ninazodungwa kwa ajili ya saratani ya tezi dume hupunguza homoni inayoilisha, na pamoja nayo huondoka nguvu za mapaja. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa naswali juu ya kiti cha plastiki, mwisho wa safu, katika msikiti wetu wa Kibokoni. Wenzangu wakisujudu, mimi nainamisha kichwa tu. Sheria inaruhusu, nami nimewasomesha watu hivyo miaka mingi. Hata hivyo, nilitamani paji langu liguse mkeka tena kabla sijafa.

Kwa hiyo hospitali waliponiuliza kama ningeingia katika utafiti wa mazoezi kwa wagonjwa wa maradhi haya, nilikubali. Walieleza wazi kwamba mazoezi hayaponyi saratani. Walitaka kujua kama yanapunguza uchovu na udhaifu. Nikatia saini.

Jirani yangu mwenye duka la vitambaa aliniona nimevaa raba chini ya kanzu.

"Sheikh, mbio zote hizi wamkimbia nani? Israili mtoa roho?"

"Yeye hakimbiliki," nikamjibu. "Nakimbia kiti."

Mwalimu wa mazoezi alikuwa mama wa Kirabai, Mkristo, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza aliniuliza nataka nini, nikamwambia. Akatandika mkeka.

"Basi baba, sujudu nikuone."

Nilikataa. Kusujudu hakufanyiwi majaribio, nikamwambia. Ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Akauliza, "Kibla kiko wapi?"

"Kaskazini."

"Basi geukia kusini, Likoni. Nimeangusha kalamu hapo chini. Niokotee."

Wiki nyingi niliokota kalamu nikielekea kusini: goti moja, la pili, mikono, kisha kurudi juu, na huko ndiko kwenye kazi. Siku nyingine nilikwama chini. Yeye alisubiri bila kunishika, maana nilimwomba hivyo.

Utafiti ulipokwisha, niliingia msikitini kwa swala ya alasiri, rakaa nne, nikakiacha kiti nyuma yangu. Rakaa ya kwanza nilishuka, nikasujudu, nikainuka. Ya pili vilevile, kwa taabu. Katika ya tatu mapaja yalitetemeka nikajua sitashuka tena. Nikakaa kitini, nikamalizia swala hapo.

Baada ya salamu jirani yangu alinong'ona, "Mbili umezikosa, sheikh."

"Mbili nimezipata," nikamwambia, nikaanza uradi.